Mume wa Mwisho

Visiga, Kibaha
20 Aprili 1976

Shemeji Mwanaamina,

Assalaam aleikum. Mimi sijambo, ila mguu wa kushoto tu ndio unaonikumbusha umri wangu kila mvua inaponyesha. Natumaini wewe na binti yako Mwanakheri hamjambo pia, na kwamba mvua hizi hazijaozesha mihogo yenu huko Kisarawe kama zilivyoozesha yangu.

Usishangae kuona mwandiko huu. Ni wangu mwenyewe. Nimesoma kisomo cha watu wazima hapa kijijini, na mwalimu wangu ni huyu Gregori aliyekuletea barua. Ni Mkatoliki, mtu wa heshima, kaoa huko kwenu na kila mwezi hupanda treni Soga kwenda kuwaamkia wakwe zake. Nimemwambia kwamba ndani ya bahasha mna habari za mbegu za korosho. Ameitikia vizuri, lakini nimemwona akitabasamu.

Shemeji, mimi sijui kuzungusha maneno. Mwezi uliopita nilipokuja kwenye hitma ya marehemu mumeo Kitwana, rafiki yangu tangu tukiwa chuo cha Kurani tunachapwa kwa bakora moja, tulikaa barazani wanaume wengi na masinia yakatoka. Halafu akaja Mwanakheri na sahani ya peke yake, akaiweka mbele yangu, akasema, "Mama anasema hii haina pilipili." Tangu mke wangu Mwamini afariki, nilidhani hakuna mtu duniani anayekumbuka kwamba mimi sili pilipili. Ule wali niliula mpaka punje ya mwisho.

Basi niseme. Mwamini ana miaka miwili kaburini, Kitwana ana minne. Mimi nina nyumba ya vyumba viwili katika kijiji hiki tulichohamishiwa, na mikorosho yangu bado iko kule mahame, kwenye makazi yetu ya zamani. Ninasonga ugali mwenyewe na unatoka mabonge. Nataka kutuma posa kwa kaka yako Kibwana, lakini sitaki kuwasumbua wazee kama moyo wako haupo. Niambie. Ukisema hapana, nitaendelea kukuita shemeji, na hakuna atakayejua ila mimi, wewe na Mungu, na labda Gregori.

Mwinyimadi


Kisarawe
23 Aprili 1976

Shemeji Mwinyimadi,

Waaleikum salaam. Naandika kwa herufi za Kiarabu, kama tulivyofundishwa chuoni, ili huyo mwalimu wako akiifungua asiambulie kitu. Alipofika hapa alinipa barua kwa mikono miwili, akasema, "Shikamoo mama, na habari za korosho?" Nikajua kwamba ameshajua.

Mzee mzima unaposa kwa ajili ya sahani ya wali! Ningelijua mapema ningekutilia pilipili kichaa, nione kama ungeandika barua.

Sikatai. Nalisema hilo mwanzoni usije ukaugua bure. Lakini wala sikubali, mpaka kwanza unijibie swali moja, na swali lenyewe si la dunia hii.

Tunaambiwa kwamba mtu akijaaliwa kuingia peponi hukutanishwa na watu wake. Nyie wanaume hamna shida, hata mtu akiwa na wake wanne atawekwa nao wote na atapata pa kukaa. Lakini mwanamke aliyeolewa mara mbili, na waume wote wawili wakawa watu wa peponi, yeye huwa wa nani? Wa kwanza au wa mwisho? Tangu barua yako ifike sina swali jingine. Nikikuna nazi liko, nikisujudu liko, astaghfirullah.

Mimi siwezi kumwuliza sheikh wa hapa. Nikifungua mdomo leo, kesho Kisarawe nzima itajua kwamba Mwanaamina anataka mume. Wewe ni mwanamume na swala tano uko msikitini. Mwulize huyo Mwalimu Mwinyijuma wenu, nasikia ana vitabu. Jibu uniletee kama lilivyo, usilitie sukari.

Marehemu Kitwana alikuwa mtu mwema, nyote mnajua. Kile kisima alichokichimba watu bado wanateka, na kila anayekunywa humwombea. Na mimi nakunywa hapo hapo.

Kuhusu mabonge, wewe unatia unga maji hayajachemka. Jifunze kusubiri, shemeji.

Mwanaamina


Visiga, Kibaha
19 Mei 1976

Shemeji Mwanaamina,

Barua yako nimeisoma mara nyingi mpaka mikunjo inataka kukatika. Kuhusu swali lako, bahati mbaya Mwalimu Mwinyijuma amesafiri kwenda Bagamoyo kwenye ziara, na hakuna anayejua atarudi lini. Akirudi nitamwuliza.

Kwa sasa nakuletea korosho. Nimezibangua mwenyewe, mafuta ya maganda yakaniunguza vidole, ndiyo maana mwandiko leo umelala upande. Maji sasa nayasubiri yachemke. Ugali umekuwa bora, limebaki bonge moja tu katikati, nalo nimelizoea.

Mwinyimadi


Kisarawe
21 Mei 1976

Shemeji Mwinyimadi,

Korosho ni tamu na pole kwa vidole. Sasa sikiliza.

Nimemwuliza Gregori, hivi hivi tu, huku namtilia chai, kama Mwalimu Mwinyijuma amesharudi kutoka Bagamoyo. Akashangaa. Kasema siku ile anaondoka Visiga alimpita Mwalimu amekaa nje ya msikiti anashona kofia, na kwamba hajamsikia akisafiri tangu mwaka jana. Gregori hawezi kusema uongo, uso wake hauna mafunzo hayo.

Kwa hiyo umemwuliza, amekujibu, na jibu umeliatamia kama kuku. Lina ubaya gani? Mimi nimekaa kwenye ndoa miaka mingi, shemeji, neno gumu haliniui. Lilete.

Mwanaamina


Visiga, Kibaha
16 Juni 1976

Shemeji Mwanaamina,

Nisamehe. Kweli nilimpeleka Mwalimu Bagamoyo bila yeye mwenyewe kujua.

Nilimwuliza siku ile ile barua yako ilipofika. Aliingia ndani, akatoka na kitabu kilicholiwa na mchwa pembeni, akakaa kukisoma mpaka nikadhani amesinzia. Kisha akasema wanazuoni wamehitilafiana. Wapo wanaosema mwanamke atakuwa na yule aliyekuwa na tabia njema zaidi kwake, wapo wanaosema ataachiwa achague mwenyewe, lakini kauli anayoiona yeye kuwa na nguvu ni kwamba mwanamke ni wa mume wake wa mwisho. Akanisimulia habari za sahaba mmoja aliyemwusia mkewe kwamba kama anataka wawe pamoja peponi, basi asiolewe tena baada yake.

Mwanamume mwingine angerudi nyumbani anapiga mluzi. Mimi nilirudi na hofu, kwa sababu nakujua. Kila mwaka unamsomea Kitwana hitma. Tangu azikwe hujamtaja ila kwa mema. Nikaona ukisikia kwamba kuolewa na mimi ni kumpoteza yeye milele, hutaniandikia tena. Ndiyo maana nikaliatamia.

Lakini nimefikiri sana na nimepata njia. Kitwana alikuwa rafiki yangu na siwezi kumpora mke. Naapa kwa Mwenyezi Mungu: wewe uwe mke wangu hapa duniani tu, kwa siku hizi chache tulizobakiwa nazo. Siku ya siku, tukijaaliwa kufika, nitakushika mkono mimi mwenyewe mpaka mlangoni kwa Kitwana, nimwambie, "Ndugu yangu, amana yako hii hapa, nilikutunzia." Kisha nitakwenda zangu kwa Mwamini. Nilipomweleza Mwalimu alisema hajapata kuona mtu anagawa fungu lake la peponi.

Hata Gregori nimemwuliza kwao ikoje. Kasema kwao huko hakuna kuoa wala kuolewa, watu wanakaa kama malaika. Nilimhurumia, maana kaoa juzi tu na huyo Petronila wake anampenda kupita kiasi.

Basi furahi, shemeji. Sasa hakuna kizuizi tena.

Mwinyimadi


Kisarawe
18 Juni 1976

Bwana Mwinyimadi,

Barua imefika. Ukarimu wako ni mkubwa.

Sikujua kwamba mimi ni sufuria ya kuazima, ikishapikiwa inasuguliwa na kurudishwa kwa mwenyewe. Wazee usiwatume. Korosho zilizobaki anakurudishia Gregori, hazijaguswa.

Mwanaamina


Kisarawe, kwa wakwe
14 Julai 1976

Mama Mwanaamina,

Shikamoo. Nipo hapa kwa baba mkwe, hatua chache tu kutoka kwako, na bado naona ni heri kuandika kuliko kusema. Najua unazisoma herufi hizi, kwani Mwanakheri aliniambia ulifaulu kisomo na cheti umekitundika ukutani.

Sina desturi ya kuingilia mambo ya wakubwa. Lakini mimi ndiye ninayebeba barua, na ile ya mwisho niliyobeba kutoka kwako nadhani ilikuwa nzito. Mzee Mwinyimadi alipoisoma aliniuliza kama kuna nyingine. Nikamwambia hakuna. Akanishukuru.

Tangu hapo mambo si mazuri. Darasani niliwapa watu wazima insha kuhusu kilimo, na yeye akaandika mstari mmoja: "Nimekosea wapi." Nikamwambia, mzee, hiyo si insha. Akasema ndiyo aliyo nayo. Alhamisi anakwenda mahame kwenye kaburi la mkewe na anarudi giza limeshaingia. Kupika ameacha. Petronila anampelekea chakula, naye juzi alisahau akatia pilipili, na mzee akala yote bila kusema neno. Hilo mama ndilo lililonitisha.

Sijui barua zinasema nini na sitaki kujua. Ila kaniomba nikuulize kwa mdomo alikukosea wapi, na mdomo wangu umeshindwa. Naondoka keshokutwa kwa treni ya asubuhi. Kama kuna jibu, hata la neno moja, nitapita kulichukua.

Mwanao,
Gregori


Kisarawe
15 Julai 1976

Mwinyimadi,

Kwanza, Petronila aache pilipili. Gregori nimemwagiza kwa mdomo, na hapa naandika tena.

Nilikukasirikia. Sasa hasira imekwisha na imebaki kazi ya kukueleza, nayo ni ngumu, kwa sababu yapo mambo ambayo mdomo wangu nimeufunga mwenyewe. Tumefundishwa tuwataje wafu wetu kwa mema. Ushahidi wa walio hai unamfuata maiti mpaka ndani ya mwanandani, na pale alipolala, akiulizwa na wale malaika wawili, sitaki neno langu liwe mzigo juu yake.

Siku ya maziko ya Kitwana, jeneza likiwa uani, sheikh aliwauliza nyie wanaume, "Mnamshuhudia vipi huyu?" Mkajibu pamoja, "Mtu mwema!" Sauti yako niliisikia juu ya zote. Kisha wakamtuma kaka Kibwana ndani, nilikokaa na wanawake, aniulize na mimi mjane. Nilimeza mate kwanza. Halafu nikasema, "Mtu mwema. Nimemsamehe." Wanawake walidhani ni kilio kimenikaba.

Na nilimsamehe kweli, haki ya Mungu. Namwombea afike peponi, na mahali pake pawe pazuri, na pawe na kisima.

Kwa hiyo nitakutajia mema yake tu. Alichimba maji watu wakanywa. Hakukosa maziko ya mtu hata akiwa na homa. Barazani aliwachekesha mpaka mkashika mbavu, nami nilikuwa nawasikia kutoka jikoni na kushangaa kwamba ni yeye, maana ndani hakuwa na kicheko. Hili jino langu la mbele halipo tangu nilipokuwa na mimba ya Mwanakheri. Watu waliambiwa nimeanguka kisimani. Nimeishia hapo, na sitalisema tena.

Nilipokuuliza mwanamke wa waume wawili huwa wa nani, ulidhani naliogopa lile jibu la wa mwisho. Mwinyimadi, nilikuwa naliombea. Miaka minne nimekaa mjane na kila nikifikiria kufa, ninachokiona ni mlango ule ule wa chumba kile kile. Ulipoandika kwamba mwanamke ni wa mume wake wa mwisho, niliiweka barua kifuani nikalia kwa furaha. Kisha nikaendelea kusoma, na wewe kwa wema wako wote ukanishika mkono ukanirudisha kwake.

Sasa nenda kwa Mwalimu Mwinyijuma ukamwulize maswali haya, na safari hii asiende Bagamoyo. La kwanza, mwanamke aliyemsamehe mumewe kwa moyo safi, je, kusamehe ndiko kurudi? La pili, kama huko ataambiwa achague, je, ataulizwa sababu? Maana nikiulizwa sababu nitanyamaza, nisije nikamharibia mtu aliyekwisha kuokoka. Na nikinyamaza watanirudisha.

Nakuogopea wewe pia, ujue. Kula chakula.

Mwanaamina


Visiga, Kibaha
24 Julai 1976

Mwanaamina,

Shemeji nimeiacha. Kama unaitaka, sema nitairudisha.

Barua yako nilianza kuisoma nimesimama, nikaimaliza nimekaa chini. Nikakumbuka unavyocheka umejiziba mdomo kwa ncha ya kanga. Miaka yote ile, sisi tuliokuwa barazani tulisema huyu mwanamke ana haya. Sitakuuliza lolote, leo wala kesho. Kitwana nitaendelea kumtaja kwa mema aliyonitendea mimi, nayo ni mengi. Kinachoniuma ni kwamba yule wa barazani na yule wa ndani, wote wawili ni yeye.

Nilimkuta Mwalimu Mwinyijuma anashona kofia. Sikutaja jina la mtu, nikamwuliza kama ulivyoniagiza. Safari hii hakwenda kuchukua kitabu. Alichomeka sindano kwenye kofia, akaniangalia, na nadhani alielewa kuliko nilivyosema.

Kuhusu kusamehe alisema hivi: kusamehe ni kumfungulia mtu mlango atoke, si kumkaribisha ndani tena. Kuhusu sababu alisema maswali yana mahali pake. Yapo kaburini na yapo kwenye mizani, na huko kila mtu anaulizwa yake. Akishavuka mlango wa pepo, maswali yamekwisha. "Mwenyewe ameahidi," akasema, "kwamba humo hakuna hofu wala huzuni, na humo mna kila ambacho nafsi inakitamani. Sasa mtu akiwekwa asipopataka, patakuwa pepo ya nani?" Nikamwambia, lakini Mwalimu, wewe ulisema wa mume wa mwisho. Akasema, "Nilisema hivyo, na wengine wamesema vingine, na Mungu ndiye ajuaye. Lakini hakuna hata mmoja wetu aliyesema kwamba kuna mtu atalia mle ndani."

Akaongeza kwamba vinyongo vyote vitang'olewa vifuani kabla watu hawajaingia. Kwa hiyo ukikutana na Kitwana mtaamkiana kama watu wa mtaa mmoja, atakuuliza hali, utamjibu, na kila mtu atakwenda kwake. Na huko, kasema, miili yote inarudi mizima, bila kilema. Sikumwuliza habari za meno, lakini nadhani na meno yamo.

Kile kiapo changu cha kukurudisha nimekivunja. Kafara yake ni kulisha masikini kumi, nami kwa mapishi yangu ningewaua, na kwa kweli uwezo huo sina. Kwa hiyo Mwalimu kaniruhusu nifunge siku tatu. Leo ni ya mwisho, na nakuandikia nikiwa na njaa. Sikugawi kwa mtu, Mwanaamina. Nani atakuwa wa mwisho anajua Mungu, lakini natamani niwe mimi.

Kuhusu Mwamini, sina la kukuficha. Nilimpenda na bado nampenda. Alhamisi nilikwenda mahame nikamweleza kila kitu pale kaburini. Je, wewe utaweza kukaa naye huko?

Gregori hakungoja safari yake ya mwezi ujao. Nilipomwambia kuna barua, alivaa viatu.

Mwinyimadi


Kisarawe
26 Julai 1976

Mwinyimadi,

Hapo pa meno nimecheka, tena bila kanga. Mwanakheri alikuja mbio kutoka uani kuona kuna nini.

Tuma wazee Ijumaa ijayo. Kaka Kibwana nimeshamdokeza, na kwa jinsi alivyojifanya kushangaa, nadhani Kisarawe nzima inajua toka Aprili. Nataka ndoa ifungwe kabla ya mwezi wa Ramadhani, maana sitaki kusikia kwamba kuna Mwislamu anafuturu mabonge.

Unaniuliza habari za Mwamini? Mwamini alikuwa shoga yangu kabla hajawa mkeo. Unadhani nani aliniambia kwamba huli pilipili? Yeye na mimi tutaelewana huko bila shida, atakayehangaika kutafuta pa kukaa ni wewe.

Mahari kaka atawatajia wazee, nawe usibishane naye, ni mzee na anapenda kusikilizwa. Lakini mimi nina mahari yangu ya pembeni, ambayo wazee hawatayasikia. Ukinitangulia, na wakaja ndani kuniuliza habari zako, nataka nijibu nisimeze mate kwanza. Hayo ndiyo ninayokudai na utayalipa kidogo kidogo kila siku. Kama unaona ni mazito, sema sasa.

Wako,
Mwanaamina


Visiga, Kibaha
18 Novemba 1984

Mwanangu Gregori,

Salamu nyingi kwako na kwa Petronila na kwa wanafunzi wako wa huko Kisarawe. Nakuandikia kwa herufi zako ili usimtafute mtu wa kukusomea.

Ile bafta mliyotuma ilifika Ijumaa kabla ya adhuhuri, naye mzee Mwinyimadi akapata sanda nyeupe kamili. Unajua hali ya nguo ilivyo sasa. Dukani hakuna hata kipande, na mimi nilikuwa nimeshaanza kufumua shuka. Mwambie Petronila sitamsahau. Najua aliiweka kwa ajili ya watoto kupokea komunio, na Mungu ajaalie watoto wavae njema kuliko hiyo.

Hakuumwa sana. Kifua kilimbana tangu Jumapili, na asubuhi ya Alhamisi alikunywa uji, akanisifu, akasema tangu nije Visiga hajawahi kukutana na bonge. Miaka minane kila siku anasema hivyo, nami kila siku nilijifanya sijasikia ili aseme tena. Alitoa shahada yake vizuri, nikiwa nimemshika mkono, na hakuniaga kama mtu anayekwenda mbali.

Wamemzika kule mahame, ubavuni mwa Mwamini, kama alivyotaka. Upande wa pili pamebaki nafasi. Nimeshawaonyesha na Mwanakheri anapajua, kwa hiyo hakuna haja ya watu kubishana siku hiyo ikifika.

Nimelia, Gregori, sikufichi. Nimelia na nitalia tena nikimaliza kuandika. Lakini lipo jambo nataka ulijue wewe uliyebeba zile barua bila kuzisoma, maana bila miguu yako nisingekuwa nalo.

Jeneza lilipokuwa uani, Mwalimu Mwinyijuma aliwauliza wanaume wanamshuhudia vipi marehemu, na wakajibu. Kisha akatumwa mtu ndani kwangu, kama desturi. Alikuwa kaka Kibwana, yule yule, ila sasa anatembelea fimbo. Akasimama mlangoni, akakohoa, akaanza, "Dada, mjane wa marehemu, tunakuuliza, huyu mumeo unamshuhudia..." Nikasema, "Mtu mwema." Hakuwa amemaliza. Wanawake walinigeukia, na nadhani wapo walioona sina adabu.

Kaka naye masikio yamezeeka. Alidhani sikulisikia swali, akalirudia lote tangu mwanzo, pole pole, na mimi nikamjibu tena.

Mama yako,
Mwanaamina, mke wa Mwinyimadi